Dawa ya majeruhi wa ajali yaokoa maisha, lakini ndani ya saa tatu pekee

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka kati ya 2021 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha katika barabara za Kenya, kulingana na takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA). Baadhi yao walikufa papo hapo na hakuna tabibu ambaye angewafaa. Lakini wapo waliotolewa kwenye mabaki ya magari wakiwa hai, wakiongea na kuwataja jamaa zao, kisha wakaishiwa na damu njiani au wakingojea kuhudumiwa hospitalini.

Ni hao wa kundi la pili ambao wanasayansi wamekuwa wakiwatafutia dawa kwa miaka mingi. Utafutaji huo umejaa majina ya dawa za gharama kubwa zilizosifiwa sana na mwishowe zikashindwa. Iliyofaulu ni dawa kuukuu ya bei nafuu, iliyovumbuliwa nchini Japani na ambayo kwa takriban nusu karne hakuna aliyefikiria kuijaribu kwa kina miongoni mwa majeruhi. Yaitwa asidi ya traneksamiki, na madaktari huifupisha kuwa TXA.

Kikwazo chake ni saa. Ikidungwa mapema huokoa maisha. Ikichelewa zaidi ya saa tatu, haisaidii na huenda hata ikadhuru.

Kabla ya kueleza inavyofanya kazi, yafaa msomaji ajue zilizoitangulia zilivyoanguka. Kisa cha kuhuzunisha zaidi ni cha dawa za kortikosteroidi. Kwa zaidi ya miaka 30, madaktari katika mataifa mengi waliwapa dawa hizo watu walioumia kichwa, wakiamini zingepunguza uvimbe wa ubongo. Hoja yao ilikuwa na mantiki kwa sababu dawa hizo hutuliza uvimbe kwingineko mwilini. Mnamo 1999, watafiti wakiongozwa na Chuo cha Usafi na Tiba ya Nchi za Joto cha London walianzisha jaribio lililoitwa CRASH ili kubaini ukweli. Walinuia kuwasajili majeruhi 20,000. Mnamo 2004 walilisitisha wakiwa wamesajili 10,008 tu, maanake waliopewa dawa walikuwa wakifariki kwa wingi kuliko waliopewa maji yasiyo na dawa yoyote: asilimia 21.1 dhidi ya asilimia 17.9 katika muda wa wiki mbili.

Kwa maneno mengine, tiba iliyotolewa kwa nia njema kwa miongo mitatu ilikuwa ikiwaua baadhi ya wagonjwa, na hakuna daktari hata mmoja ambaye angeweza kuligundua jambo hilo akiwa peke yake wodini. Ndiyo sababu majaribio ya maelfu ya watu hayaepukiki, hata yanapoonekana kuwa ya kuchosha na ya gharama.

Baadaye matumaini yalihamia kwenye homoni ya projesteroni, iliyokuwa imewasaidia wanyama wa maabara waliojeruhiwa ubongo. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2014, yakihusisha zaidi ya watu 2,000 kwa jumla, hayakuonyesha manufaa yoyote. Tatizo ni kwamba panya wa maabara hugongwa kwa namna moja, mahali pamoja, na kupewa dawa kwa wakati uliopangwa. Binadamu huanguka kutoka kwenye bodaboda, hugongwa na lori au hupigwa rungu, tena hufika hospitalini kwa wakati wake.

Watafiti wa London walipoona hayo, waligeukia jambo ambalo kila mwuguzi wa chumba cha dharura hulijua: majeruhi wengi huuawa na kuvuja damu.

Mshipa unapokatika, mwili hufuma nyuzi nyembamba ziitwazo fibrini, ambazo hunasa chembechembe za damu kama wavu unavyonasa dagaa. Donge linalotokea huziba tundu. Wakati huo huo, mwili huandaa kimeng'enya kiitwacho plasmini ambacho kazi yake ni kuyeyusha madonge ili mishipa isibaki imezibwa daima. Mtu akijikata kidole kwa kisu cha jikoni, shughuli hizi mbili hupishana vizuri. Lakini mtu akipondwa paja au kupasuka ini, mfumo wa kuyeyusha huweza kupandwa na wazimu mapema mno. Huwa ni kama fundi anayejenga ukuta huku mwenzake akiubomoa upande wa pili.

TXA huingia hapo. Umbo lake hufanana na la kiungo kimoja cha protini ambacho plasmini hukishika ili kung'ang'ania nyuzi za fibrini. Dawa hukalia nafasi hiyo kwanza, na mbomoaji akifika hukosa pa kushika. Yafaa kusisitizwa kwamba dawa hii haigandishi damu. Hulinda tu donge ambalo mwili wenyewe umeshalitengeneza.

Waliovumbua dawa hiyo ni mke na mume, Dkt Utako Okamoto na Dkt Shosuke Okamoto. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Japani ilikuwa hoi na maabara hazikuwa na fedha. Bi Okamoto alieleza uzeeni kwamba walichagua kuchunguza damu kwa sababu wangeweza kutumia damu yao wenyewe. Alifanya kazi maabarani akiwa amembeba bintiye mgongoni, picha ambayo mama wengi wa Kiafrika hawataiona ya ajabu. Matokeo yao kuhusu TXA yalichapishwa 1962. Alitamani ijaribiwe kwa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua, lakini hakuwapata madaktari wa kushirikiana naye. Kwa miaka mingi dawa hiyo ikabaki ya kung'oa meno ya watu wenye hemofilia na ya wanawake wenye hedhi nzito. Bi Okamoto alifariki 2016 akiwa na umri wa miaka 98, baada ya kuona wazo lake likithibitishwa kwa majeruhi.

Uthibitisho huo ulitokana na jaribio la CRASH-2, lililochapishwa 2010. Majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa TXA na nusu maji ya chumvi. Miongoni mwa waliopewa dawa, asilimia 14.5 walifariki, miongoni mwa wenzao, asilimia 16. Yaani kwa kila majeruhi 1,000 waliotibiwa, 15 zaidi walinusurika. Hofu kwamba dawa ingesababisha madonge hatari katika moyo, mapafu au ubongo haikuthibitishwa. Mnamo 2011, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiongeza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya majeruhi.

Kwa kuwa hataza ya dawa hii ilikwisha zamani, hakuna kampuni iliyotarajia utajiri kutokana na jaribio hilo. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na serikali ya Uingereza. Ni jambo la kutafakari: lau kazi hiyo ingeachiwa soko, pengine tungali gizani.

Watafiti walipozipekua takwimu zao upya 2011, ndipo suala la saa likajitokeza. Waliodungwa ndani ya saa moja, asilimia 5.3 walikufa kwa kuvuja damu, ikilinganishwa na asilimia 7.7 ya wasiopewa dawa. Kati ya saa moja na tatu, tofauti ilipungua: asilimia 4.8 dhidi ya 6.1. Baada ya saa tatu mambo yaligeuka. Waliopewa dawa walikufa kwa kuvuja damu zaidi, asilimia 4.4 dhidi ya 3.1. Uchanganuzi mwingine wa 2018, uliojumuisha majeruhi na akina mama waliojifungua wapatao 40,000, ulikadiria kuwa manufaa ya dawa hupungua kwa asilimia 10 kila dakika 15 zinapopita.

Sasa tuchukue mfano wa ajali ya saa mbili usiku kwenye barabara kuu, mbali na mji. Wapita njia wanamtoa majeruhi na kumpakia kwenye pikapu, maanake ambulensi haijulikani itatoka wapi. Saa tatu wanafika zahanati ambayo imefungwa. Saa tatu na nusu wako kituo cha afya, ambako wanaandikiwa barua ya rufaa. Saa nne na nusu wanaingia hospitali ya kaunti na kuanza kutafuta faili. Ikifika saa tano, mlango wa TXA umejifunga, hata kama kichupa cha dawa kiko kabatini.

Mfano huu si wa kutisha watu bure. Mnamo Oktoba 2015, majeruhi mmoja wa ajali ya barabarani alikaa ndani ya ambulensi kwa takriban saa 18 jijini Nairobi akitafutiwa kitanda, na baadaye akafariki. Hiyo ni licha ya Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kusema kuwa hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kuhusu majeraha ya kichwa, ambayo huwapata sana abiria wa bodaboda wasiovaa helmeti, habari ni za mseto. Jaribio la CRASH-3, lililochapishwa 2019 na kuwahusisha watu 12,737, lilionyesha kuwa TXA hupunguza vifo vinavyotokana na jeraha la kichwa kwa wale walioumia kiasi, wakitibiwa ndani ya saa tatu: asilimia 5.8 dhidi ya 7.5. Kwa walioumia vibaya mno hapakuwa na tofauti ya wazi.

Tena kunusurika na kupona ni mambo mawili. Mnamo 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio la PATCH, lililofanywa Australia, New Zealand na Ujerumani, ambako wahudumu wa ambulensi waliwadunga majeruhi TXA kabla ya kufika hospitalini. Baada ya siku 28, asilimia 17.3 ya waliopewa dawa walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 21.8 ya wenzao. Lakini miezi sita baadaye, waliokuwa wakiweza kujitegemea walikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili, asilimia 53.7 na 53.5. Baadhi ya waliookolewa walibaki na ulemavu mkubwa. Wapo waliolitumia jambo hilo kudai kwamba dawa haina maana. Mwandishi huyu haoni hivyo, kwani asiyekuwa hai hawezi kufanyiwa mazoezi ya viungo wala kutiwa mguu bandia. Hata hivyo, linaonyesha kwamba kazi ya kumrejesha majeruhi katika maisha yake haiishii kwenye sindano, na kwamba dawa ya kuufanya ubongo uliopondeka upone bado haijapatikana.

Wala TXA haichukui nafasi ya huduma nyingine. Jeraha linalotoka damu sharti ligandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi pale pale barabarani. Mshipa mkubwa uliokatika huhitaji mpasuaji, na damu iliyomwagika huhitaji damu ya kuongezwa.

Kinacholeta matumaini ni namna ya kuitoa. Katika CRASH-2, majeruhi alipewa gramu moja kupitia mshipani kwa dakika 10, kisha gramu nyingine polepole kwa saa nane. Kuupata mshipa wa mtu aliyeishiwa na damu, gizani, kando ya barabara, si kazi ya kila mtu. Mnamo 2021, watafiti waliowachunguza majeruhi 30 nchini Uingereza na Ufaransa waliripoti kuwa TXA ikidungwa kwenye msuli, kama zinavyodungwa chanjo, hufikia kiwango cha kufanya kazi katika damu kwa dakika chache tu. Sindano ya msuli yaweza kutolewa na mwuguzi wa zahanati ya mashambani, bila dripu wala mashine.

Humu nchini dawa yenyewe si ngeni. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi nne za Afrika zilizoshiriki utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ambapo wakunga walitumia TXA pamoja na hatua nyingine kuwatibu akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Visa vya kuvuja damu kupita kiasi, upasuaji na vifo vilivyotokana na hali hiyo vilipungua kwa asilimia 60. Akina mama hao walikuwa na faida ambayo majeruhi wa barabarani hana: damu ilipoanza kumwagika, mkunga alikuwa tayari kando ya kitanda.