Summoners War: Kikosi cha spidi hakihitaji nyota tano

Ni jioni, umekaa barazani Mikindani. Chaji imebaki asilimia 30, bando linaisha usiku huu, na unataka kupiga mapambano 20 kabla simu haijazima. Kikosi chako kinatumia dakika mbili kwa kila pambano, yaani dakika 40. Ukikifanya kitumie dakika moja, unamaliza kwa dakika 20 na chaji inabaki.

Ndiyo maana wachezaji wa Summoners War wanahangaika na spidi. Gemu hili la simu lilitolewa na kampuni ya Com2uS ya Korea Kusini mwaka 2014. Unafungua hati za kuita, viumbe wanatokea, unachagua watano wa kuingia nao pangoni. Ukimuua zimwi mkuu unapewa runi, yaani mawe ya nguvu ya kuwavisha viumbe wako. Runi nzuri ni adimu, kwa hiyo watu wanarudia pango lilelile mamia ya mara. Kila sekunde unayookoa inajirudia mamia ya mara pia.

Swali ni moja: umchague nani?

Usikimbilie kununua hati

Wengi wanaamini spidi inaletwa na viumbe wa nyota tano. Matokeo yake fedha ya korosho inaishia kwenye hati.

Piga hesabu kwanza. Kwa Hati ya Siri, nafasi ya kupata kiumbe wa nyota tano ni asilimia 0.5. Maana yake, kwa wastani ni mmoja katika kila hati 200. Lakini wastani si ahadi: ukifungua hati 200, bado una nafasi ya karibu asilimia 37 ya kukosa kabisa. Na ukimpata, huenda asifae kwa pango unalolitaka.

Wa nyota nne na tatu wanapatikana zaidi, na ndio waliobeba vikosi vingi vya spidi kwa miaka mingi.

Gawa kazi

Wavuvi wa Msimbati wanajua kwamba chombo hakiwahi kufika kwa sababu kila aliyemo ni nahodha. Kikosi nacho ni hivyohivyo. Kinahitaji kazi tatu.

Ya kwanza ni kuwasukuma wenzako. Bernard, tai-simba wa upepo mwenye nyota tatu, anawaongezea wote mwendo na kuusogeza mbele mstari wao wa zamu, ule unaojaa ndipo kiumbe apige.

Ya pili ni kumlainisha adui. Galleon, nahodha wa maharamia wa maji mwenye nyota nne, anavunja ulinzi wa maadui na kuwapandishia wenzake nguvu ya kushambulia.

Ya tatu ni kuua. Lushen, mchekeshaji wa upepo mwenye nyota nne, anarusha karata kwa maadui wote, na karata hizo hazijali ulinzi wa mtu.

Hapa watu wanakosea sana. Kama wauaji wako wote ni akina Lushen, kuvunja ulinzi hakuwasaidii kitu, maana karata zao zinaupita ulinzi huo hata usipovunjwa. Anachowasaidia Galleon hapo ni nguvu ya kushambulia. Ukiwa na mwingine anayeongeza nguvu hiyo mapema zaidi, mjaribu.

Panga zamu

Bernard akipiga baada ya wauaji, amechelewa. Galleon akiwa nyuma ya wauaji, naye amepoteza zamu. Utaratibu ni msukumaji, mlainishaji, kisha wauaji.

Zamu zinaamuliwa na mwendo wa kiumbe, na mwendo unaongezwa na runi. Runi nne za aina ya Swift zinaongeza asilimia 25 ya mwendo wake wa asili. Nafasi ya pili ya runi ndiyo inayoweza kubeba mwendo kama sifa kuu. Kwa hiyo msukumaji mpe runi zako zenye mwendo mkubwa kuliko za wote. Wauaji wape runi za kushambulia: nne za Fatal zinaongeza asilimia 35 ya nguvu ya mashambulizi, na nne za Rage zinaongeza asilimia 40 ya madhara pigo kali linapotoka.

Pango nalo lina tabia yake

Maji yanashinda moto, moto unashinda upepo, upepo unashinda maji. Jitu la ngazi ya 10 ni la maji, kwa hiyo viumbe wa upepo wanafaa. Joka la ngazi hiyo ni la moto, peleka wa maji. Sigmarus, feniksi wa maji, anafaa sana kwa sababu pigo lake linakua kulingana na uhai wa adui. Tena unampata kwa kuunganisha viumbe wengine, si kwa bahati ya hati.

Kwenye pango la wafu, zimwi lina ngao inayovunjwa kwa idadi ya mapigo, si ukubwa wake. Muuaji wa pigo moja zito anakwama pale. Peleka wanaopiga mara nyingi.

Spidi ya kweli ni ipi?

Chukua vikosi viwili. Cha kwanza kinamaliza kwa sekunde 60, lakini kinakufa mara 3 katika mapambano 10, tena mbele ya zimwi. Cha pili kinatumia sekunde 75 na hakifi.

Cha kwanza kimetumia sekunde 600 kupata zawadi 7, yaani karibu sekunde 86 kwa kila zawadi. Cha pili ni sekunde 75. Anayeonekana mzembe ndiye aliyewahi. Na nishati ya kuingilia pangoni hairudi ukifa.

Kwa hiyo kabla hujajisifu, weka gemu lijiendeshe mara 10 bila kugusa, andika muda wote, gawa kwa idadi ya ushindi. Huo ndio muda wako halisi. Kama unakufa zaidi ya mara moja, toa muuaji mmoja, weka anayewakinga wenzake.

Na mtandao je?

Pambano lenyewe linaendeshwa na simu yako. Mtandao unahitajika hasa unapoingia na unapomaliza, matokeo yanapotumwa. Ukikatika mwishoni, gemu linakuuliza kama utume tena. Usilifunge kwa hasira. Tafuta sehemu yenye mtandao kisha bonyeza kutuma.

Ukiwa karibu na mto Ruvuma, angalia simu isije ikashika mtandao wa Msumbiji. Zima roaming kabla hujaanza, la sivyo salio litaisha kabla ya zimwi.