Punda wa Dobi Alitoka Wapi?

Wengi wenu mmeisikia hadithi ya Kima na Papa. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anakula matunda na kumtupia Papa mengine, mpaka wakawa marafiki. Siku moja Papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni, na walipofika kwenye maji makuu akamwambia ukweli: sultani wetu hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakutetemeka. Alisikitika tu kwamba hakuambiwa mapema, maana kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mitini. Papa akageuza njia. Kima akarukia tawi, akatulia huko, na alipoitwa ashuke akajibu kwamba yeye si punda wa dobi.

Huyo punda ana kisa chake ndani ya kisa. Sungura alimlaghai akampeleka kwa Simba, akaponea chupuchupu. Sungura akamfuata tena, akamlaghai tena, na punda akarudi. Safari hiyo hakupona. Simba alipodai moyo na masikio ya punda, Sungura alikuwa ameshavila, akasema mnyama huyu hakuwa navyo kabisa. Angekuwa navyo, angerudi?

Edward Steere, Mwingereza aliyeishi Unguja na baadaye akawa askofu, aliandika kisa hicho kama alivyosimuliwa na wenyeji, akakichapa London mwaka 1870. Ukikisoma utaapa ni cha hapahapa, kuanzia mkuyu hadi Sungura mwenyewe. Lakini wanangu, punda yule ana umri mkubwa kuliko mji wowote wa mawe katika pwani yetu. Alizaliwa India, ndani ya kitabu kiitwacho Panchatantra, na mimi nataka tuingie India kwa kumfuata yeye, siyo kwa kupitia filamu wala mapishi.

Panchatantra, yaani mafungu matano, iliandikwa kwa Kisanskriti kabla ya karne ya 6. Kitabu chenyewe kinaeleza kilivyoanza. Mfalme Amarashakti alikuwa na wana watatu wasiofundishika. Mzee mmoja msomi, Vishnu Sharma, akaahidi kuwatia akili kwa miezi sita, na hakuwapa sheria za kukariri wala mawaidha. Aliwapa hadithi za wanyama: kunguru na bundi wenye uhasama, simba na fahali waliofitinishwa na mbweha, njiwa waliopaa na wavu mzima. Kila mnyama anapotaka kumshawishi mwenzake humpigia hadithi, na ndani ya hadithi hiyo kuna mwingine anayehadithia. Ukisoma kwa haraka unapotea, hujui tena nani anasema na nani.

Kima wetu yumo katika fungu la nne. Huko hayuko juu ya mkuyu, yuko juu ya mzambarau, na rafiki yake ni mamba. Sultani mgonjwa hayupo. Yupo mke wa mamba, aliyeonja zile zambarau akawaza: anayekula matunda matamu hivi kila siku, moyo wake utakuwa na utamu gani? Akamshika mumewe hadi akakubali kumsaliti rafiki. Baadaye kima anapoitwa mara ya pili, anajibu kwa kisa cha punda, na punda huyo ni wa dobi tangu hapo. Aliyemlaghai ni mbweha, maana katika hadithi za India mbweha ndiye mjanja wa mjini.

Sasa tazameni kitabu kinavyosafiri. Katika karne ya 6 mfalme wa Uajemi, Khosrow Anushirwan, alikuwa na tabibu aitwaye Burzoy. Mshairi Firdausi anasimulia kwamba Burzoy alisikia kuna majani katika milima ya India yanayofufua wafu. Akaenda, akachuma, akasaga, akapaka, wala hakuna maiti aliyepepesa jicho. Mzee mmoja akamfumbua macho: wafu ni wajinga, mlima ni elimu, na jani unalolitafuta ni kitabu kilichofungiwa katika hazina ya mfalme. Burzoy akaruhusiwa kukisoma tu, si kukinakili. Basi mchana akawa anakariri, usiku anaandika. Huo ndio wizi wa pekee ninaoweza kuwasimulia watoto bila kuona haya.

Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa, Mwajemi aliyeandika Kiarabu safi kuliko Waarabu wengi wa wakati wake, akakitafsiri kwa jina la Kalila wa Dimna. Humo mamba amegeuka kobe. Kutoka Kiarabu kitabu kikaingia Kigiriki, Kiebrania, Kilatini na lugha za Ulaya, hata mwaka 1678 La Fontaine wa Ufaransa akakiri hadharani kwamba sehemu kubwa ya ngano zake mpya anadaiwa na mzee wa Kihindi aliyemwita Pilpay. Kuja Unguja njia zilikuwa mbili na zote wazi: vitabu vya Kiarabu vilivyosomwa na masheikh wetu, na vinywa vya mabaharia walioshuka na kaskazi kutoka Kutch na Gujarat. Kokote hadithi ilikopita ilibadilisha mavazi ikabaki na mifupa yake.

Mpaka hapo kila mtu anafurahi. Vitabu vingi vya kuwaeleza vijana habari za India huishia hapa, kwenye hekima ya kale, vikafungwa. Mimi siwezi kufunga, kwa sababu yule punda ananisumbua.

Kwa nini alirudi? Panchatantra inasema, ila inasema harakaharaka. Punda alipokutana na mbweha alilalamika kwamba dobi hana huruma, humbebesha mizigo mizito na kumlisha nyasi zenye vumbi. Alienda msituni akifuata majani mabichi na mwenzi wa kukaa naye. Aliyeamua kwamba mnyama huyu hana moyo wala masikio ni yule aliyekwisha kuvila. Nasi tunacheka pamoja naye! Kumbukeni kitabu kiliandikiwa nani: wana wa mfalme, watu ambao siku moja wangehitaji kujua jinsi ya kutodanganywa na mawaziri wao. Dobi na punda wake hawakuwa wasomaji. Walikuwa mfano wa kufundishia.

Basi ukitaka kuijua nchi kwa vitabu, soma cha ikulu kisha utafute kilichoandikwa na mwenye kubeba mzigo. India inavyo, vingi mno, na kwa lugha nyingi. Katiba yake imeorodhesha lugha 22. Watu wakitaja fasihi ya huko humtaja kwanza Rabindranath Tagore, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Ni haki yake, lakini leo nampita, nawapeleka kwa mwandishi wa vijijini.

Premchand alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Lamhi karibu na Varanasi. Jina lake la nyumbani lilikuwa Dhanpat Rai. Alianza kuandika kwa Kiurdu, na kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi kiliwaudhi Waingereza waliotawala, nakala zikachomwa moto. Akabadilisha jina, akaendelea, na baadaye akahamia zaidi kwenye Kihindi. Hadithi yake moja, Idgah, ningependa kila mtoto wa pwani aisome, maana ataitambua sikukuu yenyewe.

Ni asubuhi ya Idi baada ya Ramadhani. Hamid ni mtoto mdogo, yatima, analelewa na bibi yake Amina, fukara. Wenzake wana hela za kutosha kwa bembea, peremende na vinyago vya udongo: askari, mchota maji, wakili. Hamid ana paisa tatu. Anazunguka sokoni akitazama wenzake wakila, na wao wanamtania. Kisha anapita kwenye duka la vyuma, anaona koleo la jikoni, na anakumbuka kwamba bibi huunguza vidole kila anapogeuza mkate motoni. Ananunua koleo kwa paisa zote tatu. Njiani analibeba begani kama bunduki, anabishana na wenzake mpaka wanaanza kuona vinyago vyao si kitu, na kweli jioni haijafika vingi vimekwisha vunjika. Bibi anakasirika kwanza: mtoto umeshinda na njaa ukanunua chuma! Hamid anaposema sababu, ni bibi anayelia kama mtoto.

Premchand alizaliwa katika nyumba ya Kihindu, na hadithi hii imejaa safu za swala na furaha ya Waislamu, imeandikwa kama na mtu wa ndani. Alifariki mwaka 1936. Miaka 11 baadaye nchi ile iligawanywa kuwa India na Pakistani, watu kwa mamilioni wakahama makwao kwa sababu ya dini. Mtu akikuambia kuwa Mhindi ni kuwa wa dini fulani tu, au wa lugha fulani tu, mpe Idgah.

Kitabu cha tatu si hadithi ya kubuni. Ni kijitabu cha Bhimrao Ambedkar, Waiting for a Visa, alichokiandika katika miaka ya 1930 na kikachapwa peke yake mwaka 1990, muda mrefu baada ya kifo chake. Anaeleza safari ya mwaka 1901. Alikuwa na umri wa miaka tisa hivi, anaishi Satara, na baba yake alikuwa akifanya kazi mbali. Yeye, kaka yake na watoto wa dada yao wakaalikwa kumtembelea. Waliagiziwa nguo mpya, wakapanda treni kwa mara ya kwanza, wakashuka stesheni ya Masur. Hakuna aliyekuja kuwapokea, kwani barua ya kumwarifu baba haikumfikia. Mkuu wa stesheni akawaonea huruma hadi walipomtajia tabaka lao: Mahar, mojawapo ya jamii zilizoitwa za wasioguswa. Uso wake ukageuka palepale. Wenye mikokoteni ya ng'ombe wakakataa kuwabeba. Mmoja alikubali kwa nauli mara mbili, tena kwa sharti kwamba watoto waendeshe wenyewe na yeye atembee kando, asije akanajisika. Chakula walikuwa nacho tele. Maji hakuna aliyewapa. Walifika kwenye nyumba ya mtoza ushuru wa barabara usiku, wakajaribu hata kujifanya Waislamu, wakaambiwa hapa hamna maji. Wakalala na njaa, vyakula viko kandoni mwao, kwa kuwa hakuna cha kushushia tonge.

Someni ukurasa huo kisha mrudi kwa punda wa dobi. Sidhani mtacheka vilevile.

Mtoto yule alisoma mpaka vyuo vikuu vya New York na London. Mwaka 1927 aliongoza maelfu ya watu katika mji wa Mahad wakanywa maji ya bwawa la umma walilokuwa wakizuiwa kuligusa. India ilipopata uhuru mwaka 1947, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuandaa rasimu ya katiba, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Ibara ya 17 ya katiba hiyo imeufuta utengaji wa wasioguswa, na ibara ya 15 inataja visima waziwazi: raia yeyote asizuiwe kuvitumia kwa sababu ya dini yake, jamii alimozaliwa, jinsia au mahali alikozaliwa.