Barakoa ya CPAP: Tafuta saizi yako, usikaze mikanda

IKIWA daktari amekueleza kwamba pumzi yako hukatika ukiwa usingizini, nawe ukajinyima ili ununue mashine ya CPAP, basi swali muhimu sasa si aina ya mashine uliyo nayo. Swali ni hili: Je, unaivaa usiku kucha?

Wengi hawaivai. Mashine hutumiwa kwa majuma machache, kisha huishia chini ya kitanda au juu ya kabati. Ukimwuliza mwenyewe sababu, aghalabu hatakwambia kwamba mashine imeharibika. Atakwambia kwamba barakoa inamfinya, inampulizia hewa machoni au inamfanya ahisi kama anayezibwa pumzi.

Hasara yake ni kubwa. Mtu mwenye maradhi haya hukoroma, kisha koo lake hujifunga na pumzi ikasimama kwa sekunde 10 au zaidi, tena mara nyingi katika saa moja. Ubongo humshtua ili avute pumzi, naye hurudi usingizini bila kukumbuka lolote. Asubuhi huamka amechoka, pengine kichwa kikimuuma. Mchana husinzia ofisini, katika matatu au, lililo baya zaidi, akiendesha gari. Maradhi haya yasipotibiwa huandamana na shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa moyo na kiharusi.

Mashine ya CPAP hupuliza hewa kupitia mpira mrefu hadi puani, na nguvu ya hewa hiyo hulizuia koo lisijifunge. Njia hii ilianzishwa na Daktari Colin Sullivan mjini Sydney, Australia, mwaka wa 1980. Wagonjwa wake wa kwanza walibandikwa kifaa puani kwa silikoni kila usiku, na kukibandua kila asubuhi! Siku hizi kuna barakoa za aina nyingi, na iliyo ndogo kuliko zote ni ile ya mito ya pua.

MITO YA PUA NI NINI?

Ni ncha mbili laini za silikoni, zenye umbo la faneli ndogo, ambazo huegemea kwenye mdomo wa tundu za pua. Haziingii ndani kabisa, wala hazifuniki pua wala kinywa. Mikanda miwili au mmoja hupita kichwani kuzishikilia.

Kwa sababu haigusi sehemu kubwa ya uso, barakoa hii huwafaa watu wenye ndevu au masharubu, wanaopenda kusoma kwa miwani kabla ya kulala, na wale wanaoogopa kufunikwa uso.

Hata hivyo, haimfai kila mtu. Ikiwa wewe hupumua kwa mdomo usingizini, hewa itaingia puani na kutokea kinywani bila kukusaidia. Dalili yake ni kuamka mdomo umekauka kabisa. Ikiwa pua yako huziba kila mara, au hutokwa na damu mara kwa mara, mwone daktari kwanza. Ikiwa mashine yako imewekwa nguvu ya juu sana, huenda hewa inayoingia moja kwa moja puani ikakusumbua, na barakoa inayofunika pua yote ikakufaa zaidi.

SAIZI NDIYO MSINGI

Kosa linalowaponza wengi ni kudhani kwamba barakoa inayovuja hewa inahitaji kukazwa. Mara nyingi mikanda haina kosa. Saizi ndiyo si sahihi.

Mito ikiwa midogo mno, huzama ndani ya pua, huleta vidonda na kupiga mbinja. Ikiwa mikubwa mno, hujikunja na kuacha mwanya, au hukandamiza ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua. Iliyo sawa huziba ukingo wa tundu pande zote bila wewe kuisukuma ndani.

Usikubali kuchaguliwa saizi kwa kutazamwa uso tu. Pua inaweza kuwa pana kwa nje ilhali tundu zake ni ndogo, na tundu moja laweza kuwa kubwa kuliko jingine. Barakoa nyingi za aina hii huuzwa zikiwa na mito ya saizi tatu katika boksi moja: ndogo, ya kati na kubwa. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, na umwombe uzijaribu zote mashine ikiwa inapuliza.

JINSI YA KUIVAA

Kwanza, nawa uso kwa sabuni na maji, ukauke. Usijipake mafuta mazito puani wala pale mikanda inapopita, kwa kuwa mafuta huifanya silikoni iteleze na kuharibika upesi.

Pili, legeza mikanda. Weka ncha zielekee upande ule ule ambao tundu za pua zimeelekea, kisha vuta mikanda kichwani.

Tatu, washa mashine na ulale jinsi unavyolala kila siku. Barakoa iliyokaa vyema ukiwa umeketi huenda ikavuja ukilala, maana uso hubadilika umbo kichwa kikiwa juu ya mto.

Nne, ikivuja, usikimbilie kukaza. Ivute mbele kidogo, acha hewa iijaze mito, kisha irudishe taratibu. Ikiendelea kuvuja, kaza kidogo kidogo, pande zote sawa, na ukome mara hewa inapoacha kuvuja. Kidole chako kiweze kupita chini ya mkanda. Geuka kulia na kushoto kuhakikisha.

Usishtuke ukihisi hewa ikitoka kwenye matundu madogo mbele ya barakoa. Hayo yamewekwa makusudi ili hewa unayoitoa ipate njia. Usiyazibe kamwe.

Wanaosuka nywele wana tatizo jingine: mkanda uliokaa vizuri juzi huteleza au kubana ukitoka saluni na nywele mpya. Pima mikanda upya kila unapobadilisha mtindo. Kitambaa laini cha kichwa chini ya mkanda husaidia.

MAJUMA YA KWANZA

Usingoje saa ya kulala ndipo uivae. Ivae jioni ukiwa macho, ukisikiliza redio au kutazama televisheni, kwa dakika 20 au 30, hadi uizoee. Mashine nyingi zinaweza kuanza kwa nguvu ndogo na kuiongeza polepole usingizi unapokuchukua. Mwombe aliyekuuzia akuonyeshe.

Pua ikikauka au kuwasha, tumia chombo cha kutia hewa unyevu ambacho huja na mashine nyingi. Weka humo maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapoozwa, wala si maji ya mfereji. Usitumie maji ya betri ya gari.

Osha mito kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, na uianike mbali na jua. Silikoni ikishakuwa ngumu, ikapasuka au kubadilika rangi, nunua mito mipya. Si lazima ununue barakoa nzima.

JIHADHARI

Umeme ukipotea usiku, mashine huacha kupuliza. Vua barakoa, usiendelee kulala nayo.

Baadhi ya barakoa hufungwa kwa sumaku. Ikiwa wewe, au mtu unayelala naye, ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo au chuma chochote kilichopandikizwa mwilini, mwulize daktari kwanza na uchague isiyo na sumaku.

Mwisho, ikiwa umejaribu saizi zote na bado unaumia, au bado unasinzia mchana, usiifiche mashine kabatini. Rudi kwa daktari ukiwa nayo pamoja na barakoa. Huenda nguvu ya hewa ikahitaji kurekebishwa, au barakoa ya aina nyingine ikakufaa zaidi. Na hadi usinziaji huo utakapokwisha, mwachie mwingine usukani.