Kapo, Chanukeni: Siti za Mbele Zinalipwa na Maili

Manze, wacha niwapee rada mapema. Kuna siti kwa ndege inageukanga kitanda. Unalala mlalo wa ukweli, mgongo flati, miguu imenyooka, na usiku mzima hakuna msee anakuruka akienda choo. Wasee wengi wa mtaa wakipita hapo mbele wakielekea huko nyuma, wanajiambianga hiyo ni life ya mababi, watoi wa Runda na Muthaiga. Mimi nasema zii. Siti kibao za bizinesi klasi hazilipwangi na mkwanja, zinalipwa na maili. Na maili haziulizi kama umetoka Runda ama Kayole. Zinauliza kitu moja tu: umejipanga?

Na kama mko wawili, mko na nguvu kushinda msee solo, juu mnaokota maili na mikono nne. Lakini ngori pia iko hapo hapo. Lazima mpate siti mbili, ndege moja, siku moja. Msee solo anaeza dandia siti yoyote imebaki, kapo haiezi. Ndio maana hii mambo, kushinda kuwa na doo, inataka watu wawili wenye wanaeza keti chini, wakubaliane, na wangoje pamoja.

Tuanze na hizi maili zenyewe. Ukitumia laini ya Safaricom unapata Bonga, si ndio? Sasa maili ni Bonga za ndege: unatumia, unapewa pointi, pointi zinakuwa tiketi. Hii form ilishika moto 1981, American Airlines walipotoa AAdvantage, na mashirika mengine yakafuata mbio. Baadaye wakaungana kwa mbogi tatu kubwa: Star Alliance 1997, oneworld 1999, SkyTeam 2000. Hapo ndio utamu uko. Ukipanda ndege ya shirika moja, unaeza weka hizo maili kwa akaunti ya shirika lingine la mbogi hiyo hiyo.

Kwa msee wa Nairobi, ramani iko hivi. Kenya Airways (KQ) iko SkyTeam na ni memba kamili tangu 2010, pamoja na Air France na KLM, wenye programu yao inaitwa Flying Blue. Ethiopian wako Star Alliance tangu 2011, na yao ni ShebaMiles. Qatar na British Airways wako oneworld, na hao wawili wanatumia pointi za jina moja, Avios, zenye unaeza hamisha kutoka akaunti ya huyu hadi ya yule. Emirates hawako mbogi yoyote kati ya hizo tatu, wako na Skywards yao.

Sheria ya kwanza ya kapo: chagueni familia moja, mshikilie. Ukiwa na maili kidogo hapa na mtu wako ako na kidogo pale, hamna kitu. Zote zitakaa hapo hadi zi-expire. Kwa Flying Blue, akaunti ikikaa kimya miezi 24, maili za memba wa kawaida zinaenda. Programu kadhaa, zikiwemo Flying Blue, Skywards na hiyo ya British Airways, zinakubali watu wa familia moja waweke maili pamoja. Someni masharti muone nani anahesabika kuwa familia, alafu mfungue. Siku yenye mtaanza kuona total moja badala ya mbili, mtaanza pia kufikiria safari moja.

Sasa hesabu, juu hapa ndio wasee hudanganywa. Flying Blue wanampea memba mgeni maili 4 kwa kila euro anatumia kwa tiketi zao, ukitoa kodi. Tuseme siti moja ya bizinesi imeitisha maili 60,000 kwenda pekee. Nyinyi ni wawili, hiyo ni 120,000. Gawa na 4: mnafaa mmenunua tiketi za euro 30,000. Nani wetu ako na hiyo? Kwa hivyo msidhani mtaokota maili na tiketi za likizo peke yake. Zinatoka kwa njia zingine, na njia ya kwanza ni mboka.

Ukitumwa Addis ama Johannesburg ama Kigali na bosi, kampuni inalipa tiketi, lakini kwa kawaida maili ni za mwenye amekalia siti. Ukienda bila namba ya memba, hizo maili zinaeza potea bure. Weka namba wakati tiketi inakatwa, na uweke pasi ya kupandia hadi uone maili zimeingia. Kama mtu wako ni msee wa NGO, wa IT, nesi wa kontrakti majuu, ama anachezea timu, hiyo safari ya wera inajenga likizo yenu. Mkumbushe kabla hajafika airport.

Njia ya pili ni kadi. Hapa lazima tuongee ukweli kuhusu life yetu: sisi tunalipa kila kitu na M-Pesa, kuanzia rent hadi smokie. Iko haraka, iko poa, lakini ni Bonga inaleta, haileti maili za ndege. Wenye wanavuna maili nyingi sana ni wasee wetu wa majuu. Marekani, benki zinatoa kadi zenye ukifungua na utumie kiasi fulani kwa miezi ya kwanza, wanakupea bonasi ya maelfu ya pointi, alafu unazihamisha kwa shirika unataka. Uingereza kuna kadi ya American Express ya British Airways yenye ukifikisha matumizi ya mwaka, inakupa vocha ya mwenzi: mnakata siti mbili na Avios za siti moja. Kapo ya Wakenya huko Reading ama Luton wenye wanalipa bili zao zote na hiyo kadi wanaeza kuja Disemba wamelala flati wote wawili.

Lakini hapa nitaongea kwa sauti: usichukue deni ndio upate maili. Hakuna siti ya ndege yenye inafaa kukosesha watu wawili amani. Riba ya kadi ya mkopo inakula thamani ya hizo pointi zote na inaendelea kukula hata mkisharudi keja. Kama hamuezi lipa bili yote ya kadi kila mwisho wa mwezi, achaneni na kadi, chukueni njia ya mos mos ya maili za mboka. Nimeona kapo zikigombana juu ya doo hadi zikaachana, na inauma. Hii mambo ya maili inafaa iwafanye muongee hesabu wazi, kila mtu ajue mwenzake anatumia ngapi na anadaiwa ngapi. Hapo ndio faida ya kwanza iko, hata kabla hamjapanda ndege.

Haya, maili zimefika. Siti mbili mnazitoa wapi? Shirika halifungui siti zote za bizinesi kwa watu wa maili. Hufungua chache, na ndege ikianza kujaa na walipaji, zinafungwa ama bei ya maili inapanda. Kuna madirisha mawili mazuri. La kwanza ni mapema kabisa: British Airways, kwa mfano, hufungua ratiba karibu siku 355 kabla ya safari, kwa hivyo kapo yenye inajua itaoa ama itasherehekea mwaka ujao inaanza kucheki sasa. La pili ni dakika za mwisho, wiki moja ama mbili kabla, siti zenye hazijauzwa zikitupwa kwa maili. Hiyo ya pili ni ya watu wenye visa iko tayari na bosi ako sawa. Kwa pasi ya Kenya, visa ya Schengen ama ya Marekani haitoki kwa wiki, kwa hivyo wengi wetu tushikilie dirisha la kwanza.

Msing'ang'anie tarehe. Jumanne na Jumatano huwanga afadhali kushinda furahiday. Disemba na Agosti ni vita. Msing'ang'anie mji pia: kama mnataka kuona Ulaya, siti mbili za Paris zikikosa, cheki Amsterdam, alafu treni inawafikisha Paris kwa masaa matatu na kitu. Flying Blue pia hutoa ofa kila mwezi, zinaitwa Promo Rewards, njia fulani zinashushwa bei ya maili. Kapo yenye iko tayari kwenda penye ofa inaelekea, inakula safi. Na hii muikariri: kama pointi ziko kwa benki, msizihamishe kabla hamjaona siti mbili kwa macho yenu. Zikishaingia kwa shirika, hazirudi.

Tiketi ya maili pia si bure. Kodi za airport na ada za shirika mnalipa na doo, na mashirika mengine ya Ulaya yanaweka ada nzito sana juu ya bizinesi. Angalieni hiyo namba kabla ya kubonyeza, muiweke kwa bajeti ya safari. Na tiketi ikishapatikana, achaneni na kurundika maili za "siku moja". Mashirika hupandisha bei za maili yakitaka, kwa hivyo maili ni ya kutumia.

Sasa utamu. Chukua ile njia yetu ya Nairobi kwenda New York, yenye KQ walifungua tarehe 28 Oktoba 2018. Ni kama masaa 15 bila kutua, na Boeing 787-8 Dreamliner. Mbele kuna siti 30 za bizinesi, zimepangwa mbili mbili mbili. Huo mpangilio mababi wanaosafiri solo hawaupendi, juu wa dirishani lazima amruke jirani. Lakini kapo? Hiyo ni yenu. Mnachukua zile mbili za dirisha, hakuna mtu wa tatu. Ndege inatoka usiku, mnamanga dishi kwa sahani ya ukweli, mnapiga story, mnashusha viti, mnalala. Mkiamka mko juu ya Atlantiki, na macho hayajavimba.

Na mizigo! Bizinesi ya KQ kila mtu ako na begi mbili za kilo 32. Wawili ni kilo 128. Mkenya yeyote mwenye ako na siz ama anti majuu anajua hiyo ni unga, majani chai, royco, na vitenge za mbogi yote. Nyama wacheni nyumbani, forodha ya Marekani haitaki, na chakula chochote mmebeba muwaambie.

Kama familia yenu ni Avios, Qatar wako na Qsuite, ilizinduliwa 2017. Baadhi ya zile za katikati, ukuta kati ya siti unashuka na zinakuwa kitanda ya wawili, na mlango unafungwa. Si ndege zao zote ziko nayo, kwa hivyo cheki aina ya ndege na ramani ya siti kabla ya kukata.

Na maili zikitosha siti moja tu? Hapo nimekataa kabisa ile form ya mmoja mbele, mwingine nyuma. Masaa 15 mmetenganishwa na pazia si safari ya kapo. Bora mwende wote bizinesi ile njia ya usiku, yenye kitanda kina kazi, alafu mrudi ikonomi mchana mkiwa pamoja. Ama mngoje mwaka mwingine. Mwenye anakubali kungoja na wewe hadi mpate siti mbili, huyo shikilia.

Kizazi yetu imezoea kuambiwa vitu zuri ni za wenye wameomoka. Tunaona picha Insta, tunalike, tunarudi kwa mat. Lakini vijana wawili wenye wako na mboka za kawaida, bila deni, wakiweka namba ya memba kila safari na wakichagua programu moja, wanaeza fika pale mbele. Itachukua muda, miaka pengine, na hiyo miaka itawafunza kupanga pamoja kitu kikubwa. Mtu akishajua kupanga safari na mwenzake, anaeza panga shamba, anaeza panga mtoi.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kulala, fanyeni vitu tatu. Mtaje mji mmoja wenye nyote mnatamani. Mcheki ni mbogi gani ya ndege inafika huko kutoka Nairobi. Alafu kila mmoja afungue akaunti ya hiyo programu, ni bure na inachukua dakika chache. Safari ya mboka ikitokea wiki ijayo, namba iko tayari, na maili za kwanza zitaingia kwa jina lenu.