Fahamu: Gofu na ufukwe Mauritius, uende lini?

Tangu Oktoba 1, 2025, mgeni anayelala hotelini Mauritius hutozwa euro 3 kwa kila usiku; watoto walio chini ya miaka 12 wamesamehewa. Tozo yenyewe ni ndogo. Cha kupigia hesabu ni upepo.

Mei hadi Oktoba jua si kali na vimbunga ni nadra, hivyo mashimo 18 yanatembelika bila kutweta. Ila Julai na Agosti upepo wa kusi, huohuo unaojulikana na wavuvi wa pwani yetu, huvuma kwa nguvu upande wa mashariki. Na huko ndiko viliko viwanja vya gofu vya Anahita, uliosanifiwa na Ernie Els, na Île aux Cerfs wa Bernhard Langer. Huu wa pili unaufikia kwa boti, fimbo begani, na mpira ukienda upogo unaishia majini au kwenye mikoko. Anayependa kuogelea, miezi hiyo alale magharibi, mathalani Flic en Flac, avuke kisiwa siku ya mchezo tu.

Januari hadi Machi ni kilele cha vimbunga. Bei ikishuka, ujue sababu.

Kabla ya kukata tiketi, uliza shirika la ndege mfuko wa fimbo unalipiwaje. Wakati mwingine kukodi hukohuko ni nafuu.