Kabla Uwashe Moto Kwa Ile Keja ya Limuru, Uliza Chimni Ilisafishwa Lini

Julai ikifika Nairobi huwa friji. Ndio maana mbogi huchanga ganji, mnalipia Airbnb Tigoni ama Nanyuki, na kitu ya kwanza mnacheki kwa picha ni kama kuna ile meko ya ukutani. Blanketi, nyama, moto unawaka nyuma, Insta inajaa. Fiti sana. Lakini chimni yake ilisafishwa lini?

Sisi hatukuuliza. Mwaka jana tulikuwa wasee sita huko Tigoni, tukawasha moto saa mbili usiku, na dakika kumi baadaye sebule yote ilikuwa moshi. Kumbe ndege alikuwa amejenga keja yake ndani ya chimni. Tulilala madirisha wazi, tukitetemeka na baridi ile ile tulikuwa tumelipa kuikimbia. Na manze hiyo ilikuwa bahati. Moshi unauona, unawasha macho, unatoka. Noma ni ile gesi huioni.

Inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inatoka kwa kuni, makaa ama gesi yoyote inayochomeka bila hewa ya kutosha. Ukiivuta inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo mwili unanyimwa hewa polepole na wewe unadhani ni usingizi tu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unataka kutapika, miguu inaisha nguvu. Kama nyinyi wote mmeanza kulalamika kichwa kwa wakati mmoja, msiseme ni hangova. Tokeni nje kwanza, halafu mpige 999 ama 112.

Kando na viota, chimni inazibwa na moto wenyewe. Moshi wa kuni ukipanda na kupoa huacha masizi, na kitu nyeusi kama lami inaitwa kreosoti. Kuni mbichi ndio mbaya zaidi, juu zinatoa moshi mingi na joto kidogo. Hiyo kreosoti inashika moto. Ikiwaka huko juu unasikia mngurumo kama wa lori, joto linaweza kupita digrii 1,000, ukuta wa chimni unapasuka na moto unaingia kwa mbao za dari.

Marekani, shirika la kuzuia moto la NFPA linasema chimni ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huitumii sana. Fundi wa ukweli hufunika viti, anasugua kwa brashi ndefu hadi juu, anamulika nyufa na tochi, halafu anapanda paa kuangalia kama kuna wavu wa kuzuia ndege na nyuki. Akimaliza dakika tano na hana hata debe moja la masizi la kukuonyesha, umechezwa.

Hii kazi ina historia mbaya, by the way. Uingereza walikuwa wanatuma watoto wapande ndani ya chimni. Mwaka wa 1775 daktari Percivall Pott aliandika vile masizi yalikuwa yanawaletea saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani wakikua. Sheria iliyomaliza hiyo biashara kabisa ilikuja 1875. Miaka 100, wazia!

Kama wewe ni mgeni tu, fungua kile kifuniko cha chuma ndani ya chimni, washa gazeti moja na uliinue hapo. Moshi ukipanda, endelea. Ukirudi kwa sebule, zima na upigie mwenye nyumba. Gonganisha kuni mbili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa sauti nzito. Na usifunge hicho kifuniko ulale kama makaa bado ni mekundu.

Sasa wewe wa bedsita Pipeline unacheka, huna chimni. Exactly. Jiko ya makaa ndani ya chumba imefungwa ni meko bila chimni kabisa. Watu huiwasha nje, wanangoja moshi uishe, halafu wanaiingiza ndani wakidhani imekuwa sawa. Hayo makaa mekundu bila moshi ndiyo yanatoa hiyo gesi kwa wingi. Wacha jiko nje, vaa soksi mbili na hudi, ulale.