Twiga wa Kajiado na Jamaa Zake

Msafiri apitaye nyanda za Kitengela na kuendelea mpaka Kajiado huweza kuwaona twiga wakila majani ya migunga. Mabaka yao ni ya kahawia, na kingo zake zimechongoka kama kingo za jani. Twiga wa Samburu na Isiolo ana mabaka mapana yaliyotengwa na mistari myeupe, mfano wa wavu. Je, hao ni wanyama wa namna moja?

Hapo kale wataalamu walitazama umbo tu. Mwaka wa 1758 Linnaeus wa Uswidi, aliyeeneza desturi ya kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili ya Kilatini, alimweka twiga katika kundi la kulungu wa Ulaya. Lakini umbo huweza kudanganya. Mfugaji hasemi kwamba ng'ombe wawili ni ndugu kwa sababu wote ni weupe. Huuliza mama yao ni nani.

Wataalamu wa siku hizi nao huuliza habari za wazazi. Kila kiumbe hupokea kwa wazazi wake jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo katika chembe za mwili. Maagizo hayo yanaponakiliwa kizazi hata kizazi, hutokea mabadiliko madogo madogo, nayo hurithiwa. Basi wanyama wenye tofauti chache walitengana karibuni, na wenye tofauti nyingi walitengana zamani sana. Kwa njia hiyo imethibitika ya kuwa jamaa wa karibu kabisa wa twiga aliye hai ni okapi wa msitu wa Ituri katika Kongo, mwenye shingo fupi na miguu yenye milia.

Mwaka wa 2016 yalitangazwa matokeo ya kulinganisha jeni za twiga 190 wa Afrika, nayo yakaonyesha makundi manne yaliyotengana tangu kale. Wengine walibisha, lakini mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili lilikubali kwamba twiga ni spishi nne. Tatu kati yake zimo Kenya: wa Samburu, wa Nakuru, na twiga wa Kimaasai, ambaye ndiye wa Kitengela na Kajiado.

Jambo hili si ubishi wa majina tu. Twiga wote wakihesabiwa pamoja, upungufu wa kundi moja hufichwa na wingi wa jingine. Mwaka wa 2019 ilitangazwa kwamba twiga wa Kimaasai wamo hatarini, kwa kuwa walikuwa wamepungua karibu nusu katika miaka 30. Wakitoweka, twiga wa Samburu hawezi kushika mahali pao, kwa maana ni wa spishi nyingine.

Ndiyo sababu mpango ulioanzishwa Kitengela mwaka wa 2000, wa kuwalipa wenye ardhi ili wasiizungushie ua, ulikuwa na maana kubwa. Mtu aachaye njia wanyama wapite huhifadhi ukoo usio na badala yake duniani.